Miaka Minne Mdomoni mwa Mskoti

Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa anapanda ngazi. Alivaa koti la mvua, nywele zake nyekundu zimelowa na kulala kichwani, na alikuwa anaruka vipandio viwili viwili huku akimfokea mtu aliyekuwa nyuma yake. Kisha picha ikasimamishwa, mguu wake mmoja ukabaki hewani. Bi Mkubwa akanigeukia kwenye kiti chake.

"Huyo ndiye wewe," akasema.

Wakati huo nilikuwa bado mlinzi. Kampuni iliyonitoa Kenya ilikuwa imenipanga kwenye duka moja kubwa la Al Twar, Dubai. Nililala Muhaisnah, watu wanane chumbani, na basi la kampuni lilitubeba kwenda kazini na kuturudisha. Sikuwa mlinzi mbaya, ila sikuweza kusimama mahali pamoja. Msimamizi wangu, Mganda mmoja mpole, alikuwa akinikuta kila mara upande usio wangu. Ananiuliza, "Ndugu, mlango wako uko wapi?" Nami najibu kwamba miguu imeondoka yenyewe.

Bi Mkubwa alinikuta dukani humo. Mama mmoja wa Kitanzania alikuwa ameniuliza njia ya kwenda famasi, nikamwelekeza. Nilipogeuka nikamwona mwanamke mwingine, mtu mzima, kavaa buibui, amesimamisha kitoroli chake na ananitazama.

"Hebu rudia," akaniambia.

"Nirudie nini, madam?"

"Hayo uliyomwambia. Njia ya famasi."

Nikarudia nikidhani naye anaitafuta. Akasikiliza hadi mwisho huku amefumba macho.

"Kifua unacho," akasema. "Lakini hiyo 'dawa' yako imetoka 'tawa'. Si kitu, tutaitengeneza. Na usiniite madam. Miye mtu wa Unguja, si tajiri wako."

Alikuwa ameletwa Dubai na wazazi wake akiwa mtoto, na Kiunguja chao walikihifadhi nyumbani kama watu wengine wanavyohifadhi vyombo vya harusi. Alikuwa msimamizi wa sehemu ya Kiswahili katika studio ya kutia sauti, nyumba ya kawaida kabisa ya Al Twar yenye bustani ndogo mbele, ambamo vyumba vya kulala vilikuwa vimezibwa madirisha na kufunikwa sponji kuta zote. Huko zililetwa filamu na tamthilia za kila nchi. Chumba kimoja wanazitia Kiarabu, kingine Kiamhari, na chumba cha mwisho, karibu na jiko, Kiswahili, ili zirushwe na kituo kimoja cha televisheni kilichotazamwa Afrika Mashariki.

Nilianza Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Miezi kadhaa baadaye kafeel wangu, tajiri aliyenishikia viza, alikubali kuniachia, nikahamia kwenye viza ya studio, nikaiaga Muhaisnah. Nilipanga kitanda Al Mankhool, kisha kingine Satwa, kisha nikarudi Al Mankhool jengo lingine. Rafiki zangu walinicheka kwamba begi langu halijui kabati.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unaingia kwenye kibanda kidogo, unavaa hedifoni, mbele yako kuna kioo cha televisheni na kipaza sauti. Sikio la kulia linakuletea sauti ya mwenyewe, kwa lugha yake. Macho yanatazama midomo. Nawe unasema maneno ya Kiswahili hivi kwamba yaanze anapofungua mdomo na yaishe anapoufunga. Kiswahili kina maneno marefu, na yule mwigizaji wa nywele nyekundu, Mskoti, alikuwa anazungumza kama mtu anayeogopa nzi wasimwingie kinywani. Yeye akisema neno moja la kukataa, fupi kama kidole kilichokatika, mimi ninayo "hapana" yenye silabi tatu. Bi Mkubwa alikuwa anakaa nje ya kioo cha kibanda na karatasi zake, anafuta, anaandika, anafuta. "Sema 'la'," ananiambia. "Hapa sema 'la', basi. Mdomo wake hauna nafasi."

Fundi wa mitambo alikuwa Mfilipino wa makamo ambaye hakujua neno la Kiswahili, lakini alijua nikikosea. Wiki ya kwanza alinisimamisha mara nyingi kwa sababu kipaza sauti kilikuwa kinanasa viatu vyangu. Sikujua kwamba natembea. Akaniomba nivue. Tangu siku hiyo nilifanya kazi peku, na hata hivyo akasema anasikia vifundo vya miguu.

Ila Mskoti naye hakuwa mtu wa kutulia. Ndiyo maana, nafikiri, Bi Mkubwa alinipa yeye. Katika tamthilia ile ya askari kanzu, iliyomfanya ajulikane, kuna maongezi mengi ya mezani, na katika yote wenzake wameketi, yeye yuko dirishani, yuko mlangoni, anashika ukosi wa koti, anauachia, anafungua kabati asilohitaji kitu ndani yake. Mama yangu alipoanza kuitazama kule nyumbani, karibu na Kakamega, alinipigia simu.

"Mzungu amechukua sauti yako," akasema.

"Ni kazi yangu, Mama. Nilikueleza."

"Najua. Lakini mbona hakai? Hakuna mtu wa kumpa kiti?"

Nilicheka, halafu kwa siku mbili nzima nikawa najisikia vibaya bila kujua sababu.

Kazi zake zilitufikia bila mpangilio. Kituo kilinunua vitu kwa mafungu, cha zamani na kipya pamoja, kwa hiyo Jumapili Mskoti ana miaka hamsini na kitu, ameinama, mke amemkimbia, na Jumanne ana ishirini na tatu, mashavu mekundu, konstebo anayefungua mlango wa gari na kusema, "Huku, bwana mkubwa," basi, hana neno lingine kipindi kizima. Ilinibidi nijifunze kumvua na kumvisha miaka. Kwa ujana nilisimama kwa vidole vya miguu. Kwa uzee nilikunywa maji ya moto kidogo na kuacha mabega yaanguke.

Baada ya muda nilianza kumpanga kichwani mwangu. Alianza na hivyo vijisehemu vya kufungua milango. Halafu wakampa kijana mwizi wa magari katika filamu ya televisheni, akaigiza vizuri mno, hata mimi nilimhurumia nikiwa kazini. Kisha miaka sita ya askari kanzu. Ndipo akaenda Amerika, filamu moja kubwa, akiwa mtu mbaya mwenye kovu, na akauawa kabla hata hadithi haijachanganya. Nilimtilia sauti ya kufa mara tisa siku hiyo, kwa sababu Bi Mkubwa alisema kila mara nakufa kwa adabu. "Huyu hataki kufa, mwanangu! Wewe unaaga wageni!"

Baada ya Amerika, kitu kiliharibika. Sijui nini. Kwenye kazi za miaka iliyofuata anapita tu: daktari anayeleta habari mbaya kwa dakika moja, baba wa bibi harusi, mwanasheria. Mara moja niliona ametia nywele rangi na nikashikwa na aibu kana kwamba nimezitia mimi. Halafu akiwa ametimiza miaka hamsini na zaidi wakampa tamthilia ya sayari za mbali, kichwa chote kimefunikwa mpira wa kijani, macho tu ndiyo yake, na dunia nzima ikampenda upya.

Katikati ya hayo yote, ikaja filamu ya kisiwa.

Ilikuwa filamu ndogo, isiyo na milio ya bunduki. Ndugu wawili, kondoo, nyumba ya mawe, upepo. Mdogo anarudi kutoka mjini baada ya miaka mingi, na mkubwa, ambaye ndiye Mskoti wetu, anamkuta getini. Nilipovaa hedifoni nikafikiri wamekosea mtu. Kwenye kazi zote za nyuma alikuwa anaongea Kiingereza cha kunyooka, cha watu wa redio. Humu alikuwa anaongea kwao. Kiingereza chenyewe sikukielewa nusu. Kilikuwa kizito, kinakwaruza kama jembe kwenye mawe. Na cha ajabu, katika filamu hiyo peke yake, alikuwa anakaa. Alikaa kwenye ukuta wa mawe dakika nzima akitazama kondoo.

Bi Mkubwa aliitazama mara mbili. Halafu akaniambia, "Hii utaisema kwenu."

"Kwa Kiluhya?"

"Kwa Kiswahili. Lakini kile cha kwenu. Kile ulichokuja nacho dukani."

Nilikataa. Nilimheshimu, lakini nilikataa waziwazi. Nilimwambia nilichekwa shuleni kwa matamshi hayo, nikachekwa mafunzo ya ulinzi, na pale pale studio Watanzania wawili waliotia sauti za wanawake walinicheka mwaka mzima kwa kusema "papa" na "kari" badala ya baba na gari. Miaka miwili alikuwa ameninyoosha yeye mwenyewe, b kwa b, d kwa d, na sasa anataka nirudi kule?

"Miye nilikunyoosha uwe askari wa mjini," akasema. "Huyu si wa mjini. Msikilize. Yeye kaona haya?"

Nikaingia kibandani nikiwa na hasira. Picha ikaanza. Mskoti akafika getini, akamtazama ndugu yake, na mimi nikafungua mdomo.

"Umeruti kufuata nini? Papa alikufa ukiwa wapi?"

Haikuwa sauti yangu. Ilikuwa ya baba yangu, aliyekuwa amezikwa nikiwa Muhaisnah, wiki ambayo ruhusa ya kusafiri haikupatikana. Fundi Mfilipino hakusimamisha mashine. Nikaendelea hadi mwisho wa onyesho, na nilipotoka wale Watanzania wawili walikuwa wamesimama mlangoni, na mmoja wao akaniletea chai bila kuniuliza kama nataka.

Tulifanya filamu nzima hivyo kwa siku nne. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo. Tukaipeleka kwenye kituo.

Ikarudi. Barua ya kituo ilisema kwamba watazamaji watadhani ni vichekesho, na kwamba mkataba unataka Kiswahili sanifu. Bi Mkubwa alipiga simu akafunga mlango wa ofisi, nikamsikia akipaza sauti kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, halafu kwa Kiunguja cha mtu aliyekata tamaa. Alipotoka alikuwa amekunja mkono wa buibui lake kama mtu anayetaka kuosha vyombo.

"Khalas," akasema. "Tunairekodi upya."

Nilimuuliza kama nisiporekodi itakuwaje.

"Atarekodi mwingine," akasema. "Na wewe utatembea tembea hapo nje hadi uchoke, kisha utaniomba kazi."

Nikairekodi upya. Kila "baba" nikaitamka kama msoma habari. Nikitoka jioni nilitembea kutoka Al Twar mpaka magoti yakauma, nikapanda metro, nikashuka kabla ya kituo changu, nikatembea tena. Mwezi huo nilihama kitanda mara nyingine.

Mwaka uliofuata Mskoti alikuja Dubai. Kulikuwa na tamasha la wapenzi wa tamthilia za sayari katika ukumbi wa maonyesho, watu wamejipaka rangi na kuvaa mapanga ya plastiki, na wageni maalumu wamekaa kwenye meza kutia saini picha. Nilikwenda peke yangu. Bi Mkubwa nilimwalika, akasema hawezi kwenda kumpangia mstari mtu ambaye yeye ndiye anayempa maneno.

Nilipomkaribia nilishangaa kwamba ni mfupi. Nywele zilikuwa nyeupe. Alikuwa amepewa kiti kizuri na hakukikalia. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, anaegemea mguu huu, anaegemea ule, na binti mmoja wa Kiingereza mwenye orodha mkononi alikuwa anawasukuma watu waende upesi.

Zamu yangu ilipofika nilisema kwa Kiingereza, haraka, maana niliogopa yule binti, "Sir, mimi ndiye sauti yako kwa Kiswahili."

Alikuwa ameshainama kuandika. Akainua kichwa.

"Sauti yangu kwa nini?"

Nikamweleza. Askari kanzu, mtu wa kovu, daktari, baba wa bibi harusi, hata konstebo wa mlango wa gari. Nilipotaja konstebo akacheka kwa nguvu hadi watu wa meza jirani wakageuka.

"Hiyo hata mama yangu hakuitazama," akasema. "Umenifanyia ipi vizuri zaidi?"

"Ya kisiwa," nikasema. "Lakini hawakuirusha." Nikamweleza habari ya matamshi ya kwetu na ile barua ya kituo. Binti akasema tafadhali, watu wanasubiri. Mskoti akamwinulia kiganja bila kumtazama.

"Unajua mimi walinifanya nini?" akaniuliza. "Filamu ile ilipokwenda Amerika walisema hakuna atakayeelewa. Wakanirudisha studio, nikajitia sauti mwenyewe. Mdomo wangu, na juu yake sauti yangu, kwa Kiingereza cha wengine."

"Ukakubali?"

"Nilikuwa na watoto wawili shuleni na sikuwa na kazi. Nilikubali." Alisugua ukosi wa shati lake, vile vile kama kwenye dirisha la kituo cha polisi. "Lafudhi uliyonipa ni ya watu gani?"

"Wa kwetu, magharibi mwa Kenya. Wakulima wa miwa."

"Kondoo mnao?"

"Ng'ombe zaidi."

"Inatosha. Hebu niisikie. Pale getini."

Nilisimama pale, nyuma yangu msururu wa watu wa rangi ya kijani, nikasema maneno ya getini kwa Kiswahili cha nyumbani. Yeye alikuwa ananitazama mdomo, si macho, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo. Nikamaliza. Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

"Mstari wa pili umewahi," akasema. "Mimi nilisubiri zaidi. Alikuwa anaogopa jibu, ndiyo maana alisubiri."

Alisema kweli. Nilikuwa nimewahi kila mara, zote mbili, ya kwetu na ile sanifu.

"Utaacha lini kazi hii?" nikamuuliza. Sijui kwa nini niliuliza swali la namna hiyo.

"Naacha kila kazi inapokwisha," akasema. "Nakwenda nyumbani, nalima viazi wiki mbili, naanza kugombana na watu. Kisha simu inalia." Akaniandikia kitu kwenye picha ya yule mwenye kichwa cha mpira, akanipa mkono, na binti akamwita mtu mwingine. Nilipogeuka nyuma alikuwa tayari ameondoka mezani, anaelekea mlango wa pembeni, na binti anamfuata mbio na orodha yake.

Nilitaka kumweleza Bi Mkubwa mara moja. Nilipomweleza, aliuliza jambo moja tu: ni mstari gani hasa niliouwahi. Akaufungua kwenye kompyuta, tukautazama pamoja, akatikisa kichwa. "Kweli," akasema. "Nami sikuona."

Haikuchukua muda kituo kikaacha kununua Kiswahili. Hawakutueleza sababu. Chumba cha karibu na jiko wakakitia Kihausa, na Bi Mkubwa akarudi nyumbani kutafsiri vipeperushi vya hospitali. Mimi nilikaa mapokezi ya hoteli moja ya Al Mankhool, nikaacha. Nikawa kondakta wa basi la shule, nikaacha. Nikauza manukato dukani kwa wiki sita, na arbab, mwenye duka, mzee mtaratibu, akaniita akaniuliza kama naumwa, kwa sababu hajawahi kuona mtu anayetembea hivyo ndani ya duka dogo hivyo. Viza ilipokwisha sikuihuisha. Nilirudi Kenya nikiwa na begi lile lile.

Nyumbani nilikaa miezi mitano. Nilipanda mahindi, nikagombana na shemeji kuhusu mpaka wa shamba, nikapatana naye. Siku moja kwa kinyozi, Kakamega mjini, televisheni ilikuwa juu ya kioo, na Mskoti akatokea. Alikuwa jaji, mzee kabisa, kavaa nywele za bandia. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu wa Dar es Salaam, nzuri, ya kina, haina kosa. Nilimsikiliza kama mtu anayetazama nguo zake zimevaliwa na mwingine na zimemkaa vizuri.

"Huyu mzungu alibadilisha sauti," kinyozi akasema. "Ile ya zamani ilikuwa na hasira."

"Ile ilikuwa mimi," nikasema.

Alicheka, akanirudisha kichwa mbele kwa vidole viwili, akaendelea na mashine.

Ni Bi Mkubwa aliyenipatia kazi niliyonayo. Alipiga simu kutoka Dubai akaniambia kuna studio ndogo Nairobi, watu wake anawajua, wanatafuta sauti ya kiume kwa katuni za watoto. Nilisafiri wiki hiyo hiyo. Sasa mimi ni mamba. Ni mamba mnene, mwenye miwani, ambaye katika kila kipindi anawapa wanyama wengine ushauri usiofaa, na anaongea polepole sana. Mwelekezaji wetu, dada mmoja mkali kutoka Mombasa, hunisimamisha kila baada ya sentensi mbili na kunionyesha saa ya ukutani. Mamba ana nafasi ya kutosha mdomoni, ananiambia, hakuna anayemkimbiza. Nasema sawa, navua viatu, tunaanza tena.